Paka hatoki chini ya kitanda tangu tuhame: tunakosea wapi?

Swali: Habari. Siku sita zilizopita tulihamia nyumba mpya pamoja na paka wetu, dume wa miaka 4, amehasiwa. Kule tulikotoka alikuwa akitoka na kuingia apendavyo, na usiku analala miguuni mwetu. Hapa amejichimbia chini ya kitanda. Hula kidogo, tena tukishalala. Saa tisa usiku hulia mlangoni, na juzi alikojoa juu ya rundo la nguo chafu. Mchana tunamvuta, tunambeba na kumzungusha vyumbani ili azoee, lakini tukimwachia tu anarudi mbio alikotoka. Tunakosea wapi? Na ni lini tunaweza kumfungulia mlango wa nje?

Jibu: Mnakosea hapo kwenye kumvuta na kumzungusha. Acheni leo. Mengi nitakayoyasema yanaweza kungoja hadi kesho au keshokutwa, ila mkojo hauwezi kungoja, kwa hiyo nianze na huo.

Paka mwenye afya hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku, na kwenye mchanga wa choo unaoganda kila kojo huacha donge la ukubwa wa yai la kuku hivi. Hesabuni madonge leo na kesho. Mkimwona anaingia chooni mara kwa mara, anachuchumaa muda mrefu na kutoa matone tu au asitoe kitu, analia akikojoa, anajilamba sana chini ya mkia, au mkojo una damu, mpelekeni kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno. Ukizibwa na ute au vijiwe vidogo, potasiamu na taka za mwili hurundikana kwenye damu, na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili. Sisemi hivi ili kuwatia hofu. Nasema kwa sababu misukosuko ya kuhama yenyewe huweza kuamsha uvimbe wa kibofu usiotokana na bakteria, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hiyo mliyoiona: kojo mahali pasipo pake. Wengi huita "hasira" au "kisasi". Paka hana kisasi cha namna hiyo. Anayekojoa kwenye nguo ama anaumwa, ama choo alichopewa hakifai, ama anaogopa kukiendea.

La pili ni chakula. "Kidogo" ni kiasi gani? Wekeni chakula kilichopimwa kwa mizani ya jikoni saa mbili usiku, pimeni tena kilichobaki asubuhi, mwandike. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Idadi ya kilokalori kwa gramu imeandikwa kwenye mifuko mingi. Akila nusu ya kawaida yake au zaidi, na kiwango kikipanda siku hadi siku, tulieni. Akipitisha saa 24 bila kula chochote, pigeni simu kwa daktari. Asipokula siku mbili au tatu, mwili huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye ini kwa kasi ambayo ini la paka haliwezi kuimudu, na hapo tatizo la woga linageuka kuwa tatizo la ini. Paka wanene ndio wanaoanguka upesi zaidi. Huu pia si wakati wa kubadili aina ya chakula, hata kama hicho kipya ni bora. Chakula chenye majimaji kipasheni kidogo tu, kifikie joto la mwili. Harufu ikipanda, hamu nayo hupanda.

Sasa tumtazame yeye mwenyewe kule chini ya kitanda.

Kwenu nyumba hii ni vyumba, kuta na samani zenu zile zile. Kwake ni ramani iliyofutwa. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, chini ya mkia na katikati ya vidole, na kila alipojisugua kwenye kona ya kabati au kunoa kucha kwenye kochi kule mlikotoka, alikuwa akiandika: hapa ni pangu, hapa ni salama. Maandishi hayo yalijengeka kwa miaka, tabaka juu ya tabaka. Hapa hakuna hata herufi yake moja, na pengine kuna za paka mwingine aliyeishi humu kabla yenu, ambazo ninyi hamzinusi. Mnapombeba na kumpitisha vyumbani, hapati nafasi ya kunusa, hana njia ya kukimbilia, na mikono anayoiamini ndiyo inayompeleka kwenye hatari. Kila mnapomvuta, kazi inaanza upya. Siku zenu sita, kwa hesabu yake, huenda ni moja.

Kujificha kwenyewe si ugonjwa. Ni dawa anayojitibu nayo. Utafiti uliofanywa mwaka 2014 katika makazi ya paka nchini Uholanzi uliwapa baadhi ya paka wageni sanduku la kujifichia na wengine wakakosa. Waliopewa sanduku walitulia mapema zaidi katika siku za mwanzo. Kwa hiyo msimwondolee maficho. Mpatieni yaliyo bora, na mumpunguzie nyumba.

Chumba kimoja

Nasema kumpunguzia nyumba kwa maana halisi. Mfungieni kwa muda katika chumba kimoja, na kwa kuwa chumba cha kulala amekwisha kukichagua mwenyewe, kiwe hicho hicho. Nyumba nzima haiwezi kuandikwa upya kwa siku moja. Chumba kimoja kinaweza.

Maficho kwanza. Chukueni boksi la katoni ambalo akiingia anaweza kugeuka na kulala, kama sentimita 50 kwa 40, mlitoboe matundu mawili, moja mbele na jingine ubavuni, kwa sababu paka haamini shimo lenye mlango mmoja. Ndani wekeni fulana au shuka mliyolalia, ambayo haijafuliwa. Hili la kutofua ndilo linalowashinda watu: wakihama wanataka kila kitu kinukie sabuni, blanketi la paka likiwemo, na hivyo wanamnyang'anya kitabu cha mwisho alichobaki nacho. Boksi likae ukutani, karibu na kitanda. Chini ya kitanda kwenyewe msikuzibe akiwa bado anakutegemea. Zibeni yale maficho msiyoweza kuyafikia: nyuma ya friji, ndani ya kochi lililopasuka chini, uwazi wa mabomba chini ya sinki. Kabla ya kuwasha mashine ya kufulia, tazameni ndani.

Mahali pa juu pia panahitajika, kabati fupi au kiti chenye mto, kwa kuwa paka akiisha kuthubutu kutoka hupenda kutazama chumba kutoka juu. Na kitu cha kunolea kucha: nguzo isiyotikisika, yenye urefu wa sentimita 80 au zaidi ili ajinyooshe mwili mzima. Ikiyumba mara moja tu akiwa ameishika, hatairudia. Mkiwa na ile kuukuu ya kule mlikotoka, iliyochakaa na kuchanikachanika, hiyo ni dhahabu. Msiitupe.

Maji yakae mbali na chakula, na vyote viwili mbali na choo, ikiwezekana kona mkabala. Paka wa kilo 4 hutumia takriban mililita 200 za maji kwa siku, pamoja na yale yaliyomo kwenye chakula, na anayekunywa vizuri hupunguza hatari ile ya kibofu niliyoisema. Bakuli liwe pana, sharubu zisikwaruze kingo.

Choo, ambacho nashuku ndicho kiini cha lile kojo

Mmesema kule mlikotoka alikuwa akitoka apendavyo. Basi huenda alikuwa akijisaidia nje, kwenye udongo, na sanduku la choo kwake ni kitu kigeni ndani ya nyumba ngeni. Nguo chafu, kwa upande mwingine, ni laini, zinachimbika, na zinanukia ninyi. Kwa akili ya paka alichagua vizuri.

Sanduku liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake bila mkia. Kwa dume wa kawaida ni kama sentimita 65 hadi 70. Mengi yanayouzwa kwa jina la choo cha paka ni madogo kuliko hapo. Boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, likikatwa upande mmoja kwa kimo cha sentimita 12 au 15 ili aingie bila kuruka, linafaa kuliko hayo ya bei ghali. Msiweke kifuniko. Mchanga uwe wa punje ndogo, usio na manukato, wa kina cha sentimita 3 hadi 5. Kwa kuwa amezoea udongo, changanyeni nusu mchanga wa choo na nusu udongo mkavu wa bustani, kisha punguzeni udongo kidogo kidogo kila baada ya siku tatu au nne. Wekeni masanduku mawili hata kama paka ni mmoja: baadhi hukojoa katika moja na kutoa haja kubwa katika jingine. Uchafu utolewe mara mbili kwa siku. Sanduku lioshwe kila wiki kwa maji moto na sabuni ya kawaida.

Dawa za kusafishia zinahitaji tahadhari. Zenye amonia zinanukia kama mkojo na humwita arudie pale pale. Zile dawa kali za sakafuni zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji mara nyingi zina fenoli, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja. Atakanyaga sakafu, atalamba nyayo, na mtakuwa na mgonjwa. Mahali palipokojolewa panahitaji kisafishaji chenye vimeng'enya: kaukisheni kwanza kwa kukandamiza, bila kusugua, lowesheni kwa dawa mpaka ifike mkojo ulikofika, iacheni dakika 15 au kama kibandiko kinavyoelekeza, kisha paachwe pakauke penyewe. Nguo zifuliwe kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto sana, maana joto kali huua nguvu ya vimeng'enya. Na rundo la nguo chafu lihamie kwenye kapu lenye kifuniko.

Mkikuta mkojo kidogo kidogo ukutani au kwenye mlango, kwa kimo cha makalio yake, hilo ni jambo jingine. Huko si kujisaidia, ni kuweka alama, na mara nyingi kuna paka shume anayepita nje ya dirisha. Zibeni sehemu ya chini ya kioo kwa karatasi asimwone.

Ninyi mfanye nini

Karibu hakuna, na hilo ni gumu kuliko inavyodhaniwa. Ingieni chumbani mtu mmoja mmoja, mara tatu au nne kwa siku, dakika 15 au 20. Kaeni sakafuni, ubavu ukimwelekea, msimkodolee macho. Someni kitu kwa sauti ya kawaida. Akichungulia, fumbeni macho polepole na kuyafumbua polepole. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa paka hujibu kupepesa huko kwa kupepesa nao, na humsogelea zaidi mtu mgeni aliyewafanyia hivyo kuliko aliyebaki na uso mkavu. Akikaribia, nyoosheni kidole kimoja kwa kimo cha pua yake na kusubiri. Akisugua shavu, mkuneni shavu, basi. Akinusa na kurudi nyuma, mkono nao urudi.

Harufu yake mnaweza kuisambaza kwa niaba yake. Kuweni na hakika kwamba hatakubali kusuguliwa mashavu sasa, kwa hiyo chukueni kitambaa cha pamba alicholalia siku mbili na kukipitisha kwenye pembe za milango, miguu ya meza na kochi, sentimita 20 hivi kutoka sakafuni, ndicho kimo cha shavu lake. Fanyeni hivyo kila siku katika vyumba ambavyo bado hajaviona. Siku atakayotoka, atakutana na maneno yake mwenyewe mlangoni. Vipo pia vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyotoa feromoni (harufu ya mawasiliano) ya bandia ya mashavu ya paka. Kimoja hutosha mita za mraba 50 hadi 70 na hudumu kama siku 30. Huwasaidia baadhi, wengine havionekani kuwagusa kabisa. Mimi ningenunua sanduku kubwa la choo kabla ya kifaa hicho.

Kilio cha saa tisa usiku kina sababu mbili zilizochanganyika. Paka kwa asili huamka alfajiri na jioni, na huyu mchana mzima amelala kwa woga. Halafu anajua kuwa eneo lake liko nje ya mlango ule, mahali fulani. Msimjibu, hata kwa kumkemea. Jibu lolote linamfundisha kuwa kulia kunaleta mtu. Badala yake, kabla ya ninyi kulala, chezeni naye kwa kijiti chenye kamba na unyoya, dakika 10 hadi 15, mkiuburuta unyoya ukimkimbia kama mawindo, kisha mpeni mlo mkubwa wa siku. Kuwinda, kula, kujilamba, kulala: huo ndio mpangilio wa mwili wake. Siku mbili tatu za mwanzo huenda asiuguse unyoya. Uburuzeni tu mbele ya kitanda. Mkimaliza, kamba ifungiwe kabatini, kwa sababu paka akiimeza hukatakata utumbo.

Msimpe dawa ya binadamu ya kutuliza au ya maumivu kwa hali yoyote. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Na mkiletewa maua ya kuwapongeza kwa nyumba mpya, hakikisheni hamna maua ya jamii ya lili: hata chavua iliyodondokea manyoya yake akailamba huharibu figo.

Kufungua mlango wa chumba, kisha wa nje

Kuna methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Paka hapewi jembe siku ya tatu. Watafiti Kessler na Turner, waliochunguza paka waliowekwa bwenini mwaka 1997, waliona msongo ukishuka katika siku za mwanzo, na wengi wakatulia vya kutosha ndani ya wiki mbili, lakini si wote. Tazameni dalili kuliko kalenda: anakula mchana mkiwepo, anajilamba bila kukatisha kila akisikia mlio, mkia unasimama wima mnapoingia, anasugua mashavu kwenye samani, analala mahali pa wazi kwa ubavu. Zikionekana tatu kati ya hizo kwa siku mbili mfululizo, fungueni mlango jioni nyumba ikiwa kimya, na mumwache. Mlango wa chumba chake usifungwe nyuma yake. Akishtuka lazima ajue njia ya kurudi iko wazi. Mpeni chumba kimoja kipya kila baada ya siku moja au mbili. Madirisha ya ghorofani yawe na wavu imara kwanza. Wiki mbili zikipita bila dalili hata moja, mtafuteni daktari: maumivu ya meno au ya viungo hujificha vizuri nyuma ya woga. Na kule kukoroma kwa paka aliyeridhika kusiwadanganye, kwani paka hukoroma hivyo pia akiumwa.

Mlango wa nje ungojee wiki tatu hadi nne, zikihesabiwa tangu siku alipoanza kutembea nyumba nzima bila kunyata. Kama mlikotoka ni karibu, kilomita moja au mbili, fanyeni sita, na waombeni waliohamia kule wasimpe chakula akitokea. Kabla ya siku hiyo awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na namba ya simu iliyosajiliwa iwe ya sasa. Watu wengi hukumbuka chipu na kusahau kuwa namba waliyoandikisha waliiacha zamani. Mkimvisha ukosi, uwe wa kufunguka wenyewe ukinaswa.

Wiki mbili kabla ya kutoka, tikiseni kopo la chakula kila mnapompa mlo, ili mlio huo uwe na maana moja tu. Siku yenyewe chagueni mchana mkavu usio na kelele, kabla ya mlo, akiwa na njaa kidogo. Msimbebe nje, fungueni mlango, tangulieni hatua mbili, na kopo mkononi. Huenda akabaki kizingitini dakika kumi akinusa upepo kisha akageuka kurudi ndani. Hiyo ni ziara kamili. Fungeni mlango, tikiseni kopo, mpeni chakula chake, na kesho mrudie saa ile ile.